Ampli Inakata, Sabufa Inanuka: Kagua Omu Kabla Hujaunguza Kitu

Magari mengi yenye shida ya muziki yanafika kwangu na maneno yaleyale: "Fundi, nikiongeza sauti kidogo inakata. Ampli nimenunua mwezi uliopita, nadhani nimeuziwa feki." Nikifungua buti nakuta ampli ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni vipande vifupi vya waya ndani ya boksi la sabufa, vile ambavyo mwenye gari hajawahi kuviona kwa sababu vimejificha nyuma ya sumaku.

Tafuta dalili yako hapa chini. Chini ya kila dalili nimepanga sababu kuanzia ile ninayoikuta sana hadi ile ya nadra, kwa hiyo anza juu ushuke. Ila sehemu ya kupima usiiruke, hata kama una haraka.

Kupima kabla ya yote

Ampli haijui una sabufa ngapi, wala haijui kama ni za inchi 12 au 15. Inachokutana nacho ni ukinzani tu, yaani omu, kwenye ncha mbili za waya unaotoka kwenye boksi. Omu zikishuka nusu, ampea zinazopita zinakuwa mara mbili kwa volti ileile. Ndiyo maana kila ampli ina kiwango cha chini cha omu inachoweza kukibeba: 4, 2 au 1. Kimeandikwa kwenye kitabu chake, au kwenye ampli yenyewe karibu na temino za spika. Ukishuka chini ya hapo, transista za ndani zinapitisha umeme kuliko uwezo wake na zinachemka. Ampli nzuri itajizima ijiokoe. Nyingine inaungua.

Zima gari, vua waya wa hasi kwenye betri, kisha chomoa nyaya za sabufa kwenye ampli. Ukipima zikiwa bado zimefungwa, utakuwa unapima na vitu vya ndani ya ampli. Weka mita ya umeme (multimita) kwenye omu 200. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe: itaonyesha 0.2 au 0.3, wakati mwingine 0.5. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita, uandike pembeni. Sasa gusa ncha za waya wa sabufa, subiri namba itulie, halafu toa ile uliyoandika. Mtu asiguse koni, yaani uso wa sabufa unaotetemeka, wakati huo, wala asibamize mlango wa gari, maana koni ikitikisika inazalisha umeme wake na namba inarukaruka.

Koili ni waya uliosokotwa ndani ya sabufa unaoisukuma koni. Koili ya omu 4 itasoma kati ya 3.2 na 3.8. Ya omu 2 itasoma 1.6 hadi 1.9, na ya omu 1 itasoma 0.7 hadi 0.9. Kusoma pungufu hivyo si ubovu. Mita inapima kwa umeme tulivu wa betri yake, ila muziki ni umeme wa kwenda na kurudi, na huo hukutana na ukinzani mkubwa zaidi kwenye koili.

Kwa nini nakusumbua na vidoti hivi? Kijana mmoja aliniletea IST yenye sabufa mbili za inchi 12, kila moja na koili mbili za omu 2. Ampli yake ya chaneli moja (njia moja ya kutoa sauti) ilikuwa na kikomo cha omu 1. Fundi aliyemfungia alipima akaona 0.7, akasema safi, hiyo ni omu 1. Nami nilipopima kwa mita yangu nikaona 0.7. Lakini nyaya za mita yangu peke yake zina 0.3. Ukitoa hiyo inabaki 0.4, na 0.4 ni mfungo wa omu nusu. Koili zote nne zilikuwa zimeunganishwa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ampli ilikuwa inabeba mara mbili ya mzigo wake, na kuzima kwake ndiko kulikoiokoa.

Njia za kuunganisha ni mbili. Paraleli ni chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, omu zinashuka. Sirizi ni mnyororo: chanya ya koili ya kwanza inakwenda ampli, hasi yake inaingia chanya ya koili ya pili, na hasi ya koili ya pili inarudi ampli, omu zinajumlishwa. Mifungo ninayokutana nayo sana ni hii:

- Sabufa moja yenye koili mbili za omu 4: paraleli inatoa 2, sirizi inatoa 8.
- Sabufa moja yenye koili mbili za omu 2: paraleli inatoa 1, sirizi inatoa 4.
- Sabufa mbili zenye koili moja moja ya omu 4: paraleli inatoa 2, sirizi inatoa 8.
- Sabufa mbili zenye koili mbili za omu 4: zote paraleli inatoa 1, ukifunga koili sirizi ndani ya kila sabufa kisha sabufa zenyewe paraleli, unapata 4.
- Sabufa mbili zenye koili mbili za omu 2: zote paraleli inatoa 0.5, koili sirizi kisha sabufa paraleli inatoa 2.

Angalia mstari wa mwisho vizuri. Kwa sabufa hizo mbili hakuna namna ya kupata omu 1 kamili huku koili zote zikigawana mzigo sawasawa. Ni 0.5, 2 au 8. Yule kijana hakupenda kusikia hivyo, maana ampli yake imeandikwa wati nyingi kwenye omu 1 na chache kwenye omu 2. Lakini kushuka kutoka wati 1000 hadi 600 ni kama desibeli 2 tu kwa sikio, na ampli inakaa ya uvuguvugu hadi unafika nyumbani. Hata ukikata wati nusu kwa nusu, tofauti ni desibeli 3, ambayo mtu aliyeko kiti cha nyuma anaitambua kwa shida.

Dalili: ampli inacheza vizuri sauti ya chini, ukiongeza inakata

Sababu ya kwanza ni omu kuwa chini ya kikomo. Umeshapima, sasa linganisha. Kuna mitego mitatu inayowanasa hata watu wazoefu.

Mtego wa kwanza ni kubriji. Ampli ya chaneli mbili iliyoandikwa inabeba omu 2 haibebi omu 2 ukiibriji. Chaneli zikiunganishwa kuendesha sabufa moja, kila chaneli inabeba nusu ya zile omu. Sabufa ya omu 4 inakuwa kama omu 2 kwa kila chaneli, na ya omu 2 inakuwa kama omu 1. Soma tena kitabu: kikomo cha kubriji huandikwa peke yake, na mara nyingi ni omu 4.

Mtego wa pili ni ampli ya chaneli moja yenye jozi mbili za temino za sabufa. Watu wanafunga sabufa ya omu 2 huku na nyingine ya omu 2 kule, wakiamini kila temino ina omu 2 zake. Kwenye ampli nyingi za namna hiyo jozi zile mbili zimeunganishwa kwa ndani. Umefunga paraleli bila kujua, na mzigo ni omu 1. Ili kuhakikisha, ampli ikiwa imezimwa na haina waya wowote wa sabufa, pima kati ya chanya mbili za jozi hizo. Mita ikisoma karibu na sifuri, jozi hizo zimeungana.

Mtego wa tatu ni kuongeza sabufa baadaye. Mwanzoni kulikuwa na moja ya omu 4, ikacheza miaka miwili bila shida. Ikaongezwa ya pili ileile, ikafungwa juu ya temino zilezile. Sasa ni omu 2, kwenye ampli ambayo kikomo chake cha briji ni 4.

Sababu ya pili baada ya omu ni volti kushuka. Rudisha nyaya za sabufa na betri, washa gari, weka mita kwenye volti za DC na upime kwenye temino za ampli yenyewe wakati besi inagonga. Gari likiwa linanguruma bila muziki unatakiwa uone 13.8 hadi 14.4. Besi ikigonga namba ikaanguka hadi 11 au chini, ampli inaweza kuzima hata kama omu ziko sawa. Pima papo hapo kwenye betri. Betri ikisoma 13.5 huku ampli inasoma 11, umeme unapotelea njiani: ama kwenye waya, ama kwenye kishikio cha fyuzi, ama kwenye ethi.

Ethi ndiyo ninayoishuku kwanza. Waya wa hasi wa ampli ufungwe kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi hadi linang'aa, kwa bolti na nati iliyokaza, waya uwe mfupi na unene uleule wa waya wa chanya. Bolti ya mkanda wa kiti ina gundi au rangi kwenye nyuzi zake, usiitumie. Nimekuta ethi imefungwa kwa skrubu ya mbao kwenye plastiki iliyopakana na bati. Ilicheza hivyo karibu wiki nzima.

Kuhusu waya wa chanya: siku hizi madukani kuna nyaya nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba. Zinauzwa kama shaba na zimevalishwa ganda nene linalovutia macho. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja mwembamba. Ndani ukiwa mweupe, ni aluminiamu, na unapitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu ya unene uleule. Haimaanishi utupe. Maana yake upande saizi moja au mbili.

Sababu ya tatu ni joto. Ampli iliyozungushiwa zulia, au iliyolazwa chini ya kiti ambacho watu wanatupia makoti, haipumui. Igeuze, iache wazi, icheze nusu saa. Isipokata tena, umeshapata jibu.

Ya mwisho, na ya nadra, ni ampli yenyewe. Chomoa kila kitu kilichounganishwa nayo: nyaya za sabufa, waya wa sauti kutoka redioni, vyote. Bakiza chanya, ethi na waya mwembamba wa kuiamsha. Taa nyekundu ya ampli, ile inayowaka inapojizima kujilinda, ikiendelea kuwaka hapo, ubovu uko ndani. Usiifungue mwenyewe. Zile kapasita kubwa za ndani hubaki na chaji hata baada ya betri kuvuliwa, na transista zikishalika zinaondoka na vitu vingine ambavyo macho hayavioni. Mpe fundi wa elektroniki mwenye oskiloskopu (kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme), siyo mwenye bisibisi tu.

Dalili: taa nyekundu au fyuzi kuungua mara tu unapowasha, hata bila sauti

Hapa umeme unapita mahali usipotakiwa. Kwanza kabisa angalia nyuzi za waya wa sabufa kwenye temino za ampli. Waya wenye nyuzi nyingi ukikatwa ovyo, uzi mmoja mwembamba kama unywele hutoka pembeni ukagusa temino ya jirani. Mita hapo, nyaya zikiwa bado kwenye temino, itasoma 0.0 baada ya kutoa ule ukinzani wa nyaya zake. Kata upya, sokota, paka lehemu au tumia kichwa cha kubana.

Pili, waya wa sabufa unagusa bodi ya gari. Pima kati ya kila ncha ya waya wa sabufa na bati. Mita isisome chochote. Ikisoma, fuata waya: utakuta umebanwa na reli ya kiti au umetobolewa na skrubu ya zulia.

Tatu, koili iliyoungua imejikunja ikagusa chuma cha sabufa. Pima kati ya temino ya sabufa na chuma cha sumaku. Mita ikisoma chochote, sabufa hiyo imekwisha, au inahitaji kusukwa koili upya.

Ikiwa fyuzi kubwa ya karibu na betri imeungua mara mbili, usiweke ya tatu. Na kamwe usiweke kubwa zaidi, wala msumari, wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi ile inalinda waya unaopita chini ya zulia kutoka boneti hadi buti, ukipita karibu na mahali watoto wanapokaa. Ukiinyima kazi yake, waya ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, na waya hauungui kimya. Fyuzi hiyo iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, siyo kule buti karibu na ampli. Ikiwa kule, waya mzima unaopita kati hauna mlinzi.

Dalili: harufu ya kuungua kutoka kwenye boksi

Zima muziki sasa hivi, siyo baada ya wimbo kuisha. Harufu ni ya vanishi ya koili, tamu kidogo na kali puani. Ukishainusa mara moja huisahau. Acha sabufa ipoe saa nzima, kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ikiteleza kimya, bado ipo. Ikikwaruza kama mchanga ndani ya karatasi, koili imevimba au imepinda, na kuendelea kuicheza kutaiua na kunaweza kuiburuta na ampli.

Sababu ninayoikuta sana siyo kununua ampli yenye wati nyingi kama watu wanavyodhani. Ni ampli kulazimishwa kupita uwezo wake. Geini (kitasa cha ampli kinachopanga nguvu ya sauti inayotoka redioni) imezungushwa hadi mwisho, besi ya redio imewekwa juu kabisa, na wimbi la sauti linakatika kichwa likawa bapa. Wimbi bapa linapeleka nguvu nyingi kwenye koili kuliko wimbi safi la ampli hiyohiyo, na koili inachemka.

Geini inapimwa kwa mita, masikio yatakudanganya. Zidisha wati halisi za ampli kwa omu ulizofunga, kisha tafuta kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata jibu hilo. Ampli ya wati 500 kwenye omu 2: 500 mara 2 ni 1000, na kipeuo chake cha pili ni kama 31.6. Chomoa sabufa, rudisha geini sifuri, zima nyongeza zote za besi, cheza toni ya hezi 50 redio ikiwa robo tatu ya sauti yake, mita ikiwa kwenye volti za AC kwenye temino za sabufa. Ongeza geini taratibu hadi mita isome 31, simama hapo. Usishike temino kwa mkono wakati huo. Ampli inayotoa wati 500 kwenye omu 1, kikomo chake ni volti 22 tu. Ukibadili mfungo wa omu ukaacha geini ya zamani, umejichongea mwenyewe, na hili ndilo kosa ninaloliona kwa watu waliotengeneza omu vizuri wakadhani kazi imeisha.

Na wati halisi utazijuaje, ikiwa kwenye boksi imeandikwa 4000? Angalia fyuzi za ampli. Mbili za ampea 30 ni jumla ya 60. Zidisha kwa volti 13.8: kinachoingia ni kama wati 830. Ampli za aina ya D hutoa kama asilimia 80 ya hizo, yaani wati 660 hivi. Aina ya AB hutoa karibu nusu. Kitu chochote hakiwezi kutoa nguvu kuliko kinavyokula.

Sababu ya pili ya harufu ni sabufa ya koili mbili kufungwa koili moja tu. Inacheza, ndiyo, lakini uwezo wake wa kubeba wati umepungua nusu.

Ya tatu ni kuchanganya sabufa zisizofanana. Ya omu 4 na ya omu 2 zikifungwa paraleli zinatoa omu 1.33, na ile ya omu 2 inakula wati mara mbili ya mwenzake. Mmoja anasinzia, mwingine anaungua.

Dalili: besi hafifu, ampli haichemki wala haikati

Watu huja wakitaka ampli kubwa zaidi. Kabla hujatoa hela, jaribu hivi. Chukua betri ndogo ya volti 9, chomoa nyaya za sabufa, gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya koili na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni ikiruka kuja nje, koili iko sahihi. Ikirudi ndani, imefungwa kinyume. Fanya hivyo kwa kila koili peke yake. Koili mbili za sabufa moja zikiwa kinyume, moja inasukuma na nyingine inavuta. Koni inasimama karibu tuli na umeme wote unaishia kuwa joto. Sabufa mbili kwenye boksi moja zikiwa kinyume, besi inamezana hewani. Mita haitakuambia hili, kwa sababu omu zitasoma vilevile.

Baada ya hapo, angalia kama omu ziko juu mno. Ampli ya chaneli moja yenye wati 500 kwenye omu 2 itatoa kiasi cha robo ya hizo kwenye omu 8. Hakuna hatari yoyote, ila umenunua ng'ombe ukamkamua kikombe kimoja.

Ukikuta mita haisomi chochote kabisa, yaani inabaki kwenye 1 au OL, waya umekatika au koili imekatika. Kwenye mfungo wa sirizi koili moja ikikatika, zote zinanyamaza. Kwenye paraleli, omu zinapanda na muziki unaendelea kwa unyonge, kwa hiyo unaweza kukaa miezi bila kujua. Mwisho kabisa angalia kichujio cha besi (LPF, kinachopitisha sauti za chini tu): kikiwa chini ya hezi 50 unakata sehemu kubwa ya besi. Kiweke karibu 80.

Dalili: taa za mbele zinapepesa na kila kishindo cha besi

Hii kwa kawaida siyo omu, ila omu za chini huizidisha. Ampli ya wati 1000 halisi yenye ufanisi wa asilimia 80 inaweza kutaka kama ampea 90 kwenye kilele. Altaneta za magari madogo mengi zinatoa kati ya 70 na 100, na hizo ni za gari zima: taa, feni, AC, pampu ya mafuta. Pima betri gari likiwa limezimwa na limepumzika usiku mzima, volti 12.6 ni nzima, 12.0 imechoka. Kaza na safisha vichwa vya betri. Ongeza unene wa waya mfupi unaotoka betri kwenda bodi, ambao karibu kila mtu anausahau. Kapasita ya buti inapunguza kupepesa kidogo lakini haizalishi umeme. Usiinunue kuziba pengo la altaneta. Njia ya bei rahisi ni kufunga omu za juu zaidi. Kutoka 1 kwenda 2, njaa ya ampea inashuka karibu nusu.

Mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini ni jambo jingine. Ni ethi, au waya wa sauti uliopita pamoja na waya wa umeme. Uhamishie upande wa pili wa gari.

Madereva wa mabasi, hili ni lenu

Coaster na Rosa nyingi za dizeli zina betri mbili zilizofungwa sirizi, jumla volti 24. Ampli ya gari ni ya volti 12. Njia ya mkato inayotumika ni kuchukua umeme kwenye betri moja tu ya zile mbili. Ampli inacheza. Lakini betri ile inashuka kila siku huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na baada ya miezi kadhaa moja imekufa njaa na nyingine imechemka. Funga kibadilishi cha volti 24 kwenda 12 chenye ampea zinazotosha ampli yako, na kama hakitoshi, punguza ampli. Usiende na betri iliyovimba ubavu au inayonuka yai bovu. Gesi yake inawaka kwa cheche ya spana tu.

Hapa acha, mpigie fundi

Moshi wowote, hata kidogo. Zima, toa watu, vua hasi ya betri kama unaweza kuifikia bila kuingiza mkono kwenye moshi. Waya wa chanya ukiwa wa moto kuushika, hali kadhalika.

Ukikutana na nyaya au viunganishi vya njano unapopitisha waya wako, usizikate wala kuzipima kwa mita. Ni za mfuko wa hewa wa usalama, na mita yenyewe inaweza kuufyatua. Kwenye Prius, Aqua na mahaibridi mengine, nyaya nene za rangi ya chungwa zina volti zaidi ya 100. Hazihusiani na muziki. Usizisogelee. Na kabla hujatoboa bodi kwa ajili ya ethi, lala chini uangalie upande wa pili: tangi la mafuta na mabomba yake hupita hapo.

Kuhusu ile IST, tulifungua boksi, tukafunga koili sirizi ndani ya kila sabufa na sabufa zenyewe paraleli, mita ikasoma 1.7. Geini tukaishusha hadi volti 34, kwa sababu ampli inatoa wati 600 kwenye omu 2. Kabla ya kurudisha sabufa kwenye matundu yake nilichukua kalamu ya maka nikaandika ndani ya ubao: omu 2, mita 1.7, volti 34, na tarehe. Andika na wewe. Fundi atakayefungua boksi hilo baada yako hatakuwa na haja ya kubahatisha.